Depresheni Si ya Wazungu, na Ushahidi Uko Mathari

Kuna sentensi moja kila mtu wa mtaa ameisikia. Uko Kibera, Gatwekera ama Lindi, uko Kawangware, Gatina ama Congo, haijalishi. Kijana wa mtu amejifungia kwa nyumba wiki mbili, haongei, hali, haogi. Majirani wako nje wanaanika nguo, mmoja anasema: "Hiyo depresheni ni ugonjwa wa wazungu. Sisi watu wa huku tunatafuta unga, hatuna time ya depresheni." Wote wanacheka, story inaisha hapo.

Wanaoisema wanadhani ni hekima ya mtaani, kitu tumejitungia sisi wenyewe juu tumezoea kuumia. Lakini hiyo sentensi iliwahi kuandikwa na daktari. Daktari mzungu, aliyelipwa na serikali ya mkoloni, akiwa amekaa hapa hapa Nairobi. Na haikuishia kwa vitabu. Ilitumika kueleza kwa nini watu waliokuwa wanadai mashamba yao hawafai kusikizwa.

Sisemi mama jirani alisoma huyo daktari. Hakumsoma. Nasema wanasema kitu kimoja, na ukijua aliyesema kwanza alikuwa anatafuta nini, utaogopa kukirudia.

Ili uelewe, lazima kwanza twende mbali kidogo, mji wa Vienna, Austria, mwaka 1880. Usitoke, tutarudi.

Kulikuwa na msichana anaitwa Bertha Pappenheim. Miaka 21. Umri wa wengi wenu mnaosoma hii. Familia yao ilikuwa na pesa, lakini yeye kama msichana hakuruhusiwa kwenda chuo. Babake akagonjeka vibaya, Bertha akawa ndiye wa kumlinda usiku. Baada ya muda mwili wake mwenyewe ukaanza kugoma. Kikohozi kisichoisha. Mkono na mguu wa kulia vikakufa ganzi. Wakati fulani lugha yake ya nyumbani, Kijerumani, ilimpotea kabisa, akawa anaongea Kiingereza tu. Kuna kipindi hata maji hangeweza kunywa, kiu ikimuua, glasi iko mbele yake.

Hebu jiulize angekuwa wa kwetu angeambiwa nini. Amerogwa. Ana mapepo. Anajifanya.

Daktari wake, Josef Breuer, alifanya kitu cha ajabu kwa wakati huo: alikaa chini akamsikiliza. Akirudi jioni baada ya jioni, kwa zaidi ya mwaka mmoja. Na kadiri Bertha alivyoongea, dalili moja moja zikawa zinapungua. Ile ya maji, kwa mfano, alikumbuka siku aliyoona mbwa akinywa maji kwa glasi ya watu, akasikia kinyaa, lakini kwa adabu akanyamaza. Alipoitoa hiyo story na hasira yake yote, akaomba maji, akanywa.

Sasa sikia hii. Jina la hiyo tiba halikutoka kwa daktari. Ni Bertha mwenyewe, mgonjwa, aliyeiita tiba ya kuongea. Akiwa na mood ya utani alisema ni kama kufagia bomba la moshi. Mwaka 1895 Breuer na rafiki yake Sigmund Freud walichapisha kitabu, na kesi ya kwanza ndani yake ilikuwa ya huyu dem, wakimficha kwa jina la "Anna O." Kutoka hapo ndio Freud alijenga saikoanalisisi, ile kazi ya mtu kulala kwa kochi akiongea na daktari akisikiliza. Ukimuona mtu kwa muvi amelala kwa kochi ya daktari, mizizi iko kwa msichana wa miaka 21 aliyekataa kunyamaza.

Kuna kitu kitabu kilipamba. Kilimwonyesha kama mtu aliyepona, lakini rekodi zilizopatikana baadaye zinaonyesha kwamba mwaka 1882, baada ya Breuer kumaliza naye, alipelekwa kwa sanatoria huko Uswisi, na alihangaika miaka kadhaa. Kuongea kulimsaidia, hakukumaliza kila kitu. Lakini alisimama. Mwaka 1904 alianzisha shirikisho la wanawake Wayahudi nchini Ujerumani. Mwaka 1907 akafungua nyumba ya kuwapokea wasichana waliotupwa na jamii na kina mama wasio na mabwana. Mtu aliyeitwa kichaa alikuja kuwa mtetezi wa watu.

Shika vitu viwili kutoka hapo. Kesi yenyewe ilianza na mtu mmoja, mwenye maisha yake, akiongea. Na aliyesikiliza alikubali kwamba dalili zina sababu.

Sasa panda matatu turudi Nairobi.

Ukitoka Kawangware na 46 hadi tao, halafu upande za Thika Road, karibu na Muthaiga utaona Mathari. Sote tunaijua kama tusi. Mtu akikosea kidogo anaulizwa kama ametoroka Mathari. Ile hospitali ilianza 1910, mahali palipokuwa pa kutenga watu wa ndui, ikaitwa nyumba ya vichaa ya Nairobi. Jina la Mathari lilikuja baadaye, mwaka 1924.

Kutoka 1938 hadi 1950 aliyeisimamia ni John Colin Carothers. Alizaliwa Afrika Kusini, akasomea udaktari Uingereza, akaja Kenya mwaka 1929 kama daktari wa serikali. Alipokabidhiwa Mathari hakuwa daktari wa akili kwa masomo. Mafunzo ya hiyo kazi aliyapata baadaye, akiwa tayari ndiye bosi.

Carothers alihesabu. Akaangalia Waafrika walioletwa Mathari, akaona wenye huzuni nzito ni wachache sana. Akahitimisha kwamba depresheni ni nadra kwa Mwafrika. Kwamba Mwafrika hajibebeshi lawama ndani ya moyo kama Mzungu, hana ule mzigo wa kujihukumu.

Ukiwa mtu wa mtaa unaweza kuona shimo la hiyo hesabu bila digrii yoyote. Nani alikuwa anapelekwa Mathari miaka hiyo? Aliyepigana sokoni. Aliyevunja vitu vya mwajiri. Aliyetembea uchi barabarani hadi polisi ama chifu akaitwa. Mama aliyeketi gizani kwa nyumba yake akilia kwa miezi hasumbui serikali. Hakuna askari anayetumwa kumshika. Kwa hivyo hakuhesabiwa, halafu ikaandikwa kwamba hayuko. Ni kama kusimama lango la Kamiti, uhesabu wanaume na wanawake wanaoingia, halafu utangaze Kenya haina wanawake.

Lakini hiyo hesabu ikatembea. Mwaka 1951 Carothers aliandika makala akilinganisha akili ya Mwafrika mzima wa afya na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo kwa upasuaji. Soma tena pole pole: Mwafrika asiye mgonjwa, kama Mzungu aliyepasuliwa ubongo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu kizima kuhusu akili ya Mwafrika katika afya na maradhi. Si gazeti la udaku, ni WHO.

Mwaka huo huo, 1953, ndio dunia iliambiwa hadharani kwamba Anna O. alikuwa Bertha Pappenheim. Mgonjwa wa Vienna alikuwa anarudishiwa jina lake. Sisi tulikuwa tunanyang'anywa yetu, tunaunganishwa wote kuwa kitu kimoja kinaitwa "Mwafrika".

Halafu ikaja Mau Mau. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Unajua sababu, tumezisoma shule: mashamba yaliyochukuliwa, kipande shingoni, mshahara wa kudharau. Ni sababu unazoweza kuzigusa, kuzipima kwa ekari na kwa shilingi. Lakini serikali ya mkoloni haikutaka kujadili ekari. Ilitaka mtu wa kuiambia hawa watu wana shida gani kichwani. Ikamwita Carothers. Mwaka 1954 kikatoka kijitabu chake kuhusu saikolojia ya Mau Mau, kimechapishwa na mpiga chapa wa serikali hapa Nairobi.

Nitakuwa fair kwake. Hakusema ni damu peke yake. Alizungumzia mila, malezi, na akili iliyokwama katikati, imeachana na ya zamani na haijafika kwa mapya. Ukisoma haraka unaweza hata kuona ni mtu mpole. Lakini angalia kilichotendeka. Swali lilikuwa "kwa nini mmechukua mashamba yetu?" Jibu likawa "mko na shida ya akili." Watu elfu na elfu wakawekwa kwa kochi bila kuulizwa, na utambuzi wa ugonjwa ukapelekwa kwa yule yule waliyekuwa wanamlalamikia.

Humo ndani alipendekeza Wakikuyu wahamishwe kutoka kwa nyumba zao zilizotawanyika, wakusanywe vijijini. Si ati yeye ndiye aliyebuni huo mpango, wanajeshi na watawala walikuwa nao pia. Lakini sasa ulikuwa na muhuri wa daktari. Zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kwa lazima, wengi wao kina mama, watoto na wazee, wakajengeshwa vijiji vilivyozungukwa na mitaro na walinzi. Ukiwa na shosho Mkikuyu wa miaka themanini na kitu huko Kawangware, Kangemi ama Waithaka, mtajie neno "gichagi" halafu unyamaze. Usimsukume. Ona kama uso wake utabaki vile ulikuwa.

Mwezi wa Aprili 1954 Nairobi nzima ilizingirwa kwa Operesheni Anvil. Makumi ya maelfu ya watu wakachujwa mmoja mmoja, wengi wakapelekwa kambini. Na huko kambini ndiko kunaniuma zaidi, juu serikali iliamini kiapo cha Mau Mau kimeharibu akili, na dawa ni mtu kukitapika kwa mdomo. Akiri. Aseme alikula kiapo wapi, na nani. Asiyekiri anapigwa. Yaani waliichukua ile ile tiba ya kuongea, wakaitia rungu. Hola, Machi 1959, watu 11 waliuawa kwa kipigo, na serikali ikajaribu kwanza kusema ni maji waliyokunywa.

Bertha aliongea akitaka, na aliyemsikiliza hakuwa na kiboko. Ukiondoa hayo mawili, kinachobaki kinaitwa kuhojiwa.

Kuna mtu alimjibu Carothers mapema. Frantz Fanon, mwenyewe daktari wa akili, mtu mweusi kutoka Martinique aliyefanya kazi hospitali ya Blida, Algeria, wakati wa vita vya uhuru huko. Kwa kitabu chake cha mwisho, cha mwaka 1961, alimtaja Carothers kwa jina na akaonyesha hiyo sayansi inamfanyia nani kazi. Fanon hakusema Waafrika hawagonjeki akili. Kinyume chake, alijaza kurasa na wagonjwa wake, mmoja mmoja: waliopigwa, waliobakiwa wake, hata polisi waliotesa watu mchana na usiku wakarudi nyumbani kupiga watoto wao. Alikubali maumivu na sababu yake, vyote viwili.

Hata hesabu yenyewe iliangushwa, na iliangushwa hapa kwa majirani. Watafiti wawili, John Orley na John Wing, walifanya kitu rahisi ambacho Carothers hakufanya. Badala ya kungoja hospitalini, walienda vijijini Uganda wakauliza watu nyumbani kwao. Matokeo yalichapishwa 1979. Depresheni ilikuwepo, na ilikuwa ya kawaida zaidi kuliko kwa wanawake wa London waliolinganishwa nao. Wale waliosemekana hawana, walikuwa nayo kuliko wazungu. Ilibaki tu mtu abishe mlango.

Sasa rudi kwa mama jirani anayeanika nguo.

Akisema depresheni ni ya wazungu, kuna kitu cha kweli anajaribu kushika. Anasema: shida zetu zina majina. Kodi ya nyumba. Maji ya mtungi. Kazi ya mjengo inayokuja siku mbili kwa wiki. Mwaka 2018, mwezi wa Julai, tingatinga ziliingia Kibera kupasua njia ya barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na hesabu zilizoripotiwa wakati huo zilikuwa kama watu 30,000 walioachwa bila nyumba. Mtu aliyeona shule na kitanda chake vikigeuzwa kifusi asubuhi moja, ukimwambia "una depresheni, pumua polepole," ana haki ya kukutusi. Anasikia Carothers. Anasikia mtu akiondoa tingatinga kwa story na kubakisha kichwa chake peke yake.

Naelewa hiyo hofu, na naiheshimu. Hata juzi tu, mwaka 2024, vijana walipojaa tao kupinga mswada wa fedha, wakubwa walikuwa na maelezo tayari: wamefadhiliwa, wamepotoshwa, hawajui wanachotaka. Mkoloni aliondoka lakini ile tabia ya kutibu swali badala ya kulijibu ilibaki ofisini.

Lakini hapa ndipo naachana na mama jirani. Carothers alitoa sababu akabakisha ugonjwa. Sisi tunatoa ugonjwa tunabakisha sababu. Zote mbili zinamwacha yule kijana ndani ya nyumba peke yake. Kodi ndiyo ilimwangusha, sawa. Lakini hata ukimlipia kodi leo, hawezi kuinuka kitandani kesho, juu kitu kimeshavunjika ndani na kinahitaji mkono wake chenyewe. Mguu ukivunjwa na nduthi, tunashtaki mwenye nduthi na pia tunafunga mguu plasta. Hakuna anayesema tuchague moja.

Mimi niliacha campo mwaka wa pili. Karo ilikataa, na ofisi ya wanafunzi niliyoenda kuomba muda iliniambia nijaze fomu, hakuna aliyeniangalia usoni. Nikarudi Kawangware. Miezi karibu minne nilikuwa nalala saa kumi alfajiri naamka saa nane mchana. Kila mtu alikuwa ananijua kuliko mimi. Mjomba alisema ni bangi. Kanisani walisema nimefungwa. Wasee wa base walisema ni dem. Aliyenisaidia alikuwa fundi wa simu karibu na stage, mtu mzima, ambaye siku moja hakunielezea chochote. Aliniuliza tu, "Buda, ilianza lini?" Halafu akaendelea kukaza skrubu za simu ya mtu kama saa nzima nikiongea. Mwishoni akaniambia kuna sister fulani kwa kliniki anaongeanga na watu, niende. Nilienda.

Sina maana fundi wa simu ni daktari. Nina maana swali lake lilikuwa swali la kwanza kunigusa kwa miezi minne, na lilikuwa la maneno matatu.

Na kuna ushahidi kwamba hii inaweza kufanywa kwa mpango, si kwa bahati. Tom Osborn, kijana Mkenya, alianzisha kitu kinaitwa Shamiri. Moja ya majaribio yao ya kwanza ilikuwa kwa shule ya sekondari hapa Kibera. Hawakuleta madaktari. Walichukua vijana waliomaliza fom foo, wakawapa mafunzo mafupi, wakawaacha waongoze vikundi vidogo vya wanafunzi: kuongea kuhusu kukua, shukrani, na vitu mtu anathamini. Mwaka 2021 wakachapisha jaribio kubwa zaidi, la wanafunzi 413 wa Nairobi na Kiambu, na dalili za depresheni na wasiwasi zilipungua zaidi kwa waliopitia hivyo vikundi. Fikiria hiyo. Watu wa umri wetu, mtaa wetu, wakifanya ile kazi Bertha aliipatia jina akiwa na umri wetu.

Sheria pia imesonga, japo kwa kuchelewa. Mwaka 2020 jopokazi la afya ya akili lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga liliiambia serikali itangaze magonjwa ya akili kuwa dharura ya taifa. Na Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, kile kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la kufungwa hadi miaka miwili, kinakiuka katiba. Kabla ya hapo, kijana wa Lindi angeokolewa kutoka kwa kamba halafu apelekwe korokoroni. Kifungu hicho tulikirithi kutoka kwa mkoloni, na tulikitunza sisi wenyewe kwa zaidi ya miaka 60 ya uhuru.

Kwa hivyo naomba tukubaliane kitu. Tuache kutumia Mathari kama tusi. Ndani ya ile hospitali kuna ndugu za watu, na daktari mmoja aliwahi kuwatumia kutukana bara zima. Tusimsaidie kumaliza kazi. Tukiona msee amenyamaza base, tuache kumpatia ugonjwa na tuache kumnyima ugonjwa. Tumuulize ilianza lini, halafu tunyamaze kweli, simu chini. Ikizidi nguvu zako, namba ya Red Cross ya Kenya ni 1199, ni bure kupiga, kuna mtu wa kuongea naye upande wa pili.

Na siku kiongozi, mwalimu, pasta ama mtaalamu wa runinga atasimama kueleza akili ya "vijana wa gheto" ina shida gani, msikilize hadi mwisho, kisha umuulize ameongea na vijana wangapi, wanaitwa nani, na ni nani amemlipia nauli ya kuja kutueleza.